Maneno ya Chunguni

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia wateja, Svava hupiga magoti ukingoni mwa Chungu na kutumbukiza kipimajoto kilichofungwa kamba. Chungu ni jina la kile kibwawa cha mviringo cha maji moto kilicho kando ya bwawa la kuogelea la kijiji. Watu wanane wakikaa humo, magoti yanagusana. Maji yakizidi moto, Gunnvör hulalamika kwamba anachemshwa kama kiazi. Yakipoa kidogo tu, Sigfús huuliza kama halmashauri imeanza kubana matumizi kwa kuanzia na miguu yake. Basi Svava hupima, husubiri mvuke umwondokee usoni, husoma, kisha huenda kuzungusha koki.

Asubuhi hiyo hakuwahi kusoma. Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa koti, na jina lililotokea lilikuwa la kaka yake, Bergur. Jina hilo halikuwa limeonekana kwenye simu yake tangu theluji ya mwaka jana ilipoyeyuka.

"Svava wangu," alisema Bergur. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo hayo kwa wengine. "Lóa ametutoka. Jana."

Kamba ikamponyoka Svava; Lóa alikuwa wifi yake, mke wa Bergur. Kipimajoto kikazama mpaka chini, naye akabaki anakitazama.

"Aliumia sana?"

"Mwishoni hapana. Alikuwa amelala tu." Bergur akavuta pumzi. "Tunamleta nyumbani. Mazishi ni Jumamosi. Atalala karibu na mama yake. Wewe utakaa na mimi mbele."

"Nitakaa." Svava akasita. "Na Ásgeir, kaka?"

Upande wa pili birika la umeme lilikuwa linanguruma. Likachemka, likajizima.

"Kanisa litarusha mazishi mubashara," Bergur akasema. "Kwa ajili ya dada zake Lóa walioko Norway. Mumeo naye atazame huko huko. Si anapenda mubashara?"

Wazee wa asubuhi walipotoka bafuni, miguu mitupu juu ya saruji yenye barafu, walimkuta bado amepiga magoti.

"Umeangusha hereni?" Gunnvör akauliza.

"Lóa amefariki."

Gunnvör akaingia majini polepole, akishikilia chuma cha ngazi, akakaa. "Lóa," akasema. "Yule mtoto." Lóa alikuwa na miaka sitini na kitu, lakini ni Gunnvör aliyemfundisha kupasua samaki kiwandani alipokuwa bado na mikia ya nywele mgongoni, na kwake Lóa hakuwa amekua tangu hapo.

Sigfús, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa gazeti lao. Husoma habari zote kwenye simu akiwa chumba cha kubadilishia nguo, huifungia simu kabatini, kisha huja kuwasimulia wenzake shingo ikiwa imetokeza juu ya maji. Leo aliingia, akakaa, akakunja mikono.

"Nilikuwa nimewaletea habari ya handaki," alisema mwishowe. "Waziri ameahidi tena kwamba mlima utatobolewa."

"Lóa alisema siku litakapokwisha, sisi sote tutapita humo tukiwa tumelala," Gunnvör akasema.

Hakuna aliyecheka. Kisha wote wawili wakacheka kidogo, na Gunnvör akajimwagia maji usoni.

Sheria za bwawa zimebandikwa ukutani: oga kwa sabuni bila nguo kabla ya kuingia, usikimbie, usiingie na simu. Sheria ya Chungu haijabandikwa popote. Humo kila mtu hutoa maoni yake juu ya kila kitu, kuanzia serikali na bei ya siagi hadi roboti zitakazokuja kuwalea, na dukani zile mashine za kujilipia zinazokushuku kwamba umeiba ndizi. Humo watu wamelia, wametukana mabwana zao, wameapa kuhamia Uhispania. Mtu akitoka, anachukua taulo lake na kuyaacha maneno majini. Ni mmoja tu aliyewahi kuyabeba hadi nje, naye alikuwa mume wa Svava.

*

Ásgeir alikuwa mtu wa posta. Alibeba barua za kijiji kile tangu ujana, na hata zile alizoandika Bergur kumwandikia Lóa walipokuwa wachumba, majira yote ya baridi aliyokuwa kwenye meli za mbali, ni Ásgeir aliyezifikisha mlangoni. Kisha posta ikafungwa. Mahali pake pakawekwa makabati ya chuma nje ya kituo cha mafuta, yanayofunguka ukibonyeza namba.

"Linanisalimia!" aliwaambia wenzake Chunguni siku zile za mwanzo, nao wakashika mbavu. "Kabati! Linaniambia, 'Habari za leo, Ásgeir.' Miaka yote hiyo mimi ndiye nasalimia watu, leo nasalimiwa na bati!"

Lakini nyumbani hakuchekesha mtu. Alilala kwenye kochi hadi kochi likachukua umbo lake. Binti yao Dagný, anayeishi Reykjavik, ndiye aliyemletea kinasa sauti chenye sponji jekundu. "Baba," alisema, "hayo unayosema kwenye maji, kayaseme mtandaoni. Watu wanasikiliza mambo ya kipuuzi kuliko hayo."

Ndipo ikazaliwa Posta ya Jioni. Ásgeir alikaa kwenye chumba cha kufulia, maana ndicho kisichokuwa na mwangwi, katikati ya shuka na soksi zilizoanikwa, na kueleza maoni yake. Alisema juu ya filamu ambazo unalipia kila mwezi kisha unamaliza jioni nzima ukitafuta ya kutazama. Alisema juu ya maandishi yale ya chini ya filamu, yanayotafsiriwa na mashine, ambamo kasisi alimwambia bibi harusi kwamba sasa anaweza kumla bwana harusi. Alisema juu ya mawaziri. Mwanzoni waliomsikiliza walikuwa Dagný na binamu wawili. Kisha mamia. Svava hakuruhusiwa kuwasha mashine ya kufulia mumewe akiwa laivu, lakini hakulalamika, alifua asubuhi. Ásgeir alikuwa ameanza tena kunyoa ndevu.

Halafu ikaja siku Bergur alipoingia Chunguni akitoka kumpeleka Lóa hospitali ya mji mkuu, akafumba macho na kusema, "Nimechoka, jamani. Wakubwa wa kampuni za kusini wamenipigia tena kuhusu mgao wangu. Kuna siku natamani niwauzie tu, nimalize." Mgao ni haki ya kuvua, ukiuuza, mashua iliyobaki ni beseni tu. Watu sita waliishi kwa mashua ya Bergur, na zamu moja ya kiwanda. Lakini watu husema mambo kama hayo wakiwa wamechoka. Gunnvör alimwambia asogeze mguu, wakaendelea na habari ya hali ya hewa.

Jioni ile Ásgeir alikaa mbele ya sponji lake jekundu. "Sitamtaja jina," aliwaambia wasikilizaji. "Mimi si mtu wa kutaja majina. Lakini kuna bwana mmoja hapa kwetu, ana mashua ya bluu, yuko tayari kutuuza sote kama samaki wa mnadani."

Bandarini kulikuwa na mashua moja tu ya bluu.

*

Siku ile aliyopata simu, Svava alimkuta mumewe jikoni anamenya viazi, akamweleza kifo cha Lóa akiwa bado hajavua koti. Ásgeir akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye suruali, upande huu na upande huu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Nitapiga pasi ile suti nyeusi," alisema. "Kola yake ilikuwa—"

"Ásgeir. Kaa kwanza."

Akakaa. Svava akamwambia yaliyobaki, neno kwa neno, maana aliona kumpunguzia kungekuwa kumdanganya.

"Amesema hivyo? 'Si anapenda mubashara'?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hilo ni pigo zuri." Ásgeir alijaribu kucheka, midomo ikamkatalia. "Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningesema hivyo hivyo."

"Mpigie simu."

"Nimwambie nini?"

"Unajua cha kumwambia."

"Svava, nilisema uwongo? Nilisema mgao ukiuzwa kijiji kinakufa. Haya, umeuzwa. Kiwanda kimebaki na zamu moja, duka linafungwa mchana. Nilikosea wapi? Na sikumtaja jina!"

"Mashua ya bluu ni moja, Ásgeir."

"Sheria yenyewe ya migao ndiyo mbovu. Bunge ndilo lililoruhusu haki ya bahari ya watu wote iwe—"

"Bunge halikufa jana," Svava akasema. "Aliyekufa ni Lóa."

Maji ya viazi yalianza kuchemka, na hakuna aliyeinuka kuyapunguza moto.

Svava hakuwa mwepesi wa maneno. Hata shuleni alikuwa yule mtoto anayejua jibu na kutazama meza. Kuna jambo aliloambiwa na kaka yake siku ile ya mwisho walipoongea, na alikuwa amelibeba peke yake tangu hapo, akidhani anamhurumia mumewe. Sasa alilitoa.

"Lóa aliyasoma," alisema. "Yale watu waliyoandika chini ya kipindi chako. Alikuwa kwenye dripu, hana la kufanya, akawa anamsomea Bergur kwa sauti. 'Msaliti.' 'Mwenye tamaa.' Kuna mtu asiyewajua hata kidogo aliandika kwamba anatumaini mashua itazama naye ndani. Bergur anasema mwanzoni Lóa alikuwa anacheka. Alikuwa anamsomea na kucheka. Halafu akaacha kucheka, akamwambia, 'Bergur wangu, mimi sirudi kule.'"

Ásgeir aliyatazama maganda ya viazi mezani.

"Hakuwa na nia ya kuuza," Svava akaendelea, na sauti yake ikaanza kutetemeka, maana haikuzoea kutumika hivyo. "Kituo cha mafuta waliacha kumsalimia. Mtu alimwaga matumbo ya samaki juu ya mashua. Ndipo akauza. Akauza, akamfuata mkewe. Wewe uliwaambia watu ameuza kabla hajauza."

"Mbona hukuniambia habari ya Lóa?"

"Ulikuwa umenyoa ndevu," Svava akasema, na huo ndio ukweli wote aliokuwa nao.

*

Jumamosi kulikuwa na mwanga mwembamba wa kijivu juu ya maji, na barabara ya mlimani ilikuwa wazi. Svava alivaa gauni lake jeusi na buti za barafu, viatu vya kanisani akavitia kwenye mkoba. Alipotoka chumbani alimkuta Ásgeir mezani jikoni. Alikuwa amevaa suti. Tai ilikuwa imefungwa vizuri, viatu vyeusi vimeng'arishwa, nywele zimelowekwa na kuchanwa upande. Mbele yake kompyuta ya Dagný ilikuwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa kanisa, ambao ulionyesha picha ya mshumaa na maneno kwamba matangazo yataanza punde.

"Umevaa suti kutazama kompyuta," Svava akasema taratibu.

"Ulitaka nivae nini? Pajama?" Hakumtazama. "Najua hawanioni. Nimeangalia. Kamera yangu imezimwa, na kinasa sauti nimekiweka kabatini kabisa, kisije kikajiwasha."

Pembeni mwa kioo kulikuwa na namba ndogo ya watazamaji. Ilisoma kumi na saba, kisha kumi na nane.

"Mimi ni mmojawapo," akasema. "Wasikilizaji wangu nao wameniandikia, unajua? Wanataka nitoe maoni. Wameandika, 'Ásgeir, mwenye mashua ya bluu amerudi, unasemaje?'"

"Umewajibu nini?"

"Nimefuta. Nimefuta kipindi chote, cha kwanza hadi cha mwisho. Dagný alinielekeza kwa simu. Ni rahisi sana kufuta. Unabonyeza, inakuuliza kama una hakika, unabonyeza tena." Akainua mikono, akaishusha mezani. "Basi. Hakuna hata sauti."

Svava alimkaribia, akamrekebishia kola iliyokuwa haina kasoro. Alitaka kumwambia njoo tu, twende, tukae nyuma mlangoni. Akajiona anaingia kanisani na mumewe, na vichwa vinageuka, na Bergur anageuka, siku ya mke wake. Alichukua koti akatoka, na kupitia dirisha la jikoni aliuona mgongo wa suti ukiwa umenyooka kwenye kiti, kama mtu aliyeitwa kwenye usaili.

*

Kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi za kwaya. Waliokuwa wamenyamaza kituoni walikuwepo. Aliyeandika jina la Bergur kwa chaki kwenye ukuta wa bandari baada ya kipindi kile huenda naye alikuwepo, amevaa tai. Wote walimshika Bergur mkono kwa mikono yao miwili. Svava alikaa naye mbele. Bega la kaka yake lilikuwa limepungua, koti lilimpwaya.

Karibu na kinanda kulikuwa na kamera ndogo juu ya miguu mitatu, na taa nyekundu isiyopepesa. Kasisi alipokuwa akieleza jinsi Lóa alivyopenda kucheka, Svava aligeuka akaitazama ile taa. Aliitazama muda mrefu kidogo, kwa namna anayomtazama mumewe wanapokuwa pande mbili za chumba kwenye sherehe za watu. Kisha akaona haya, akarudisha macho kwenye jeneza.

Wabebaji walikuwa sita. Wa sita, pale ambapo Ásgeir angesimama, alikuwa mtoto wa Sigfús, kijana mzuri, ambaye Lóa hakuwahi kumjua vizuri.

Baadaye kulikuwa na kahawa kwenye ukumbi wa shule, kama kawaida: keki za krimu, chapati za maji zilizokunjwa na sukari, mikate mikubwa ya kamba wa baharini na mayonezi iliyopambwa kwa mayai. Watu walianza kwa kunong'ona, kisha sauti zikapanda zenyewe. Mmoja alisema simu yake imemtabiria mvua, na kumbe ni jua. Mwingine akasema serikali hii haifiki majira ya kiangazi. Svava alisimama mwisho wa meza, akachukua sahani, akaweka chapati mbili na, bila kufikiri, kipande cha keki ya krimu. Alikuwa ameanza kuifunika kwa karatasi ya nailoni aliposikia mwanamke mmoja nyuma yake akiuliza, si kwa sauti ndogo ya kutosha, "Sahani ya nani ile?" Na mwingine akajibu, "Ya yule wa redio."

Uso wa Svava ukawaka. Mikono yake ikasimama na ile nailoni. Ndipo mkono mwingine ukapita kando yake, ukaondoa kipande cha keki kwenye sahani, ukakirudisha kwenye sinia.

"Hapendi krimu," alisema Bergur.

Akakata mkate wa kamba, kipande kinene, akakiweka pale keki ilipokuwa. Akachukua nailoni mikononi mwa dada yake, akaifunika sahani mwenyewe, akibana kingo kwa kidole gumba.

"Alitazama?"

"Alivaa suti," Svava akasema. "Na tai."

Bergur aliitikia kwa kichwa taratibu, na haikueleweka anakubali nini. Macho yake yalikuwa mekundu tangu asubuhi, hayakuongezeka wekundu.

"Kesho nateremka kusini," akasema. "Bwawa mnafungua wakati ule ule wa Jumapili?"

"Ule ule."

Akaenda kuwashika watu mikono.

*

Ásgeir alikuwa bado mezani na tai yake. Kompyuta ilikuwa imefungwa. Alikula mkate wa kamba kwa uma, polepole, bila kuuliza zaidi, maana Svava alikuwa amemwambia ni mkono wa nani ulioukata.

"Unajua matangazo yale huchelewa kidogo?" alisema. "Si laivu kabisa. Kengele nimezisikia mara mbili. Kwanza kupitia dirishani, zenyewe. Nikasimama. Nikajua wanamtoa. Halafu nikatazama kwenye kompyuta, bado mnaimba, bado yumo ndani. Nikabaki nimesimama tu, Svava. Hapo katikati sikujua nifanye nini. Kisha kengele zikalia tena humo, ndogo kama za mbuzi, na mkatoka." Akaweka uma chini. "Nilikuona ulivyogeuka."

"Bergur atakuja kuoga kesho kabla ya safari," Svava akasema.

Ásgeir akalegeza tai yake. Alikuwa hajaingia Chunguni tangu majira ya kuchipua. Kwa muda, baada ya kisa kile, alijaribu kwenda. Aliposhusha mguu majini, maongezi yalikatika, na Sigfús alisema kwamba upepo unatoka kaskazini. Kesho yake Sigfús alisema unatoka kaskazini-mashariki. Mbele ya Ásgeir hakuna aliyekuwa na maoni juu ya kitu chochote tena.

*

Jumapili asubuhi Gunnvör alikikuta kwa kidole cha mguu kipimajoto kilichozama siku ile ya simu. "Mnatufugia samaki humu?" alisema akikitoa majini, na Svava akakipokea.

Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka na kuyeyuka kabla haijagusa maji. Gari la Bergur lilikuwa limeegeshwa nje ya uzio, masanduku yamepangwa hadi kwenye kioo cha nyuma. Yeye mwenyewe alikuwa Chunguni, kwenye nafasi yake ya zamani karibu na bomba, macho amefumba. Sigfús alikuwa akijaribu kusimulia habari ya mji fulani ambako roboti imeajiriwa kusambaza mkate, ikaangukia mtoni, na watu wakaiokoa kwa kuihurumia.

"Wangeiacha," Gunnvör akasema. "Mimi mwaka jana nilianguka chali mbele ya kituo cha mafuta, na nani aliniokoa?"

Bergur alitabasamu bila kufumbua macho.

Mlango wa bafu la wanaume ukafunguka. Ásgeir alitoka na kaptula yake ya kuogelea, mweupe kama mshumaa, taulo shingoni, akitembea kwa ncha za vidole juu ya saruji. Alipofika ukingoni akasimama. Theluji ilimwangukia mabegani.

"Simu umeiacha?" Gunnvör akauliza.

Ásgeir alifungua viganja vyote viwili akawaonyesha. Hakuna aliyecheka. Gunnvör akamtazama Bergur, aliyekuwa bado amefumba macho. Basi Gunnvör akasogeza magoti, na Ásgeir akaingia.

"Upepo unatoka kaskazini," Sigfús akasema.

"Nyamaza, Sigfús," akasema Gunnvör.

Svava alikuwa amepiga magoti na kipimajoto chake. Angeweza kuondoka, kulikuwa na taulo za kukunja. Alikitumbukiza majini, akashika kamba.

Bergur alifumbua macho. "Haya," akamwambia shemeji yake. "Sema. Wewe si una maoni juu ya kila kitu."

Ásgeir akakohoa. "Sheria ya migao," alianza, kwa ile sauti ya kipindi, "ilipopitishwa bungeni, hakuna aliyefikiri kwamba vijiji vidogo—"

"Sikuuliza sheria."

"Hapana." Akajipangusa uso. "Nilikuwa nasema tu kwamba mimi sikutaja—"

"Ásgeir wangu," Svava akasema. Halikuwa neno kubwa, na alilisema kwa sauti ya chini, lakini katika miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwahi kuingilia maongezi ya Chunguni. Wote wakamgeukia. Alibaki na kamba yake mkononi, masikio yanawaka.

Ásgeir alimtazama mkewe. Kisha akayatazama maji kati ya magoti yake na magoti ya Bergur, na alipoanza tena, sauti ya kipindi ilikuwa imekwisha.

"Posta ilikuwa imeondoka," alisema. "Dagný ameondoka. Kila nyumba niliyokuwa nikipeleka barua, nusu yake taa zimezimwa. Asubuhi ile ukaja ukakaa hapo hapo ulipo, ukasema utauza. Sikusikia umechoka, Bergur. Sikusikia habari ya Lóa. Nilisikia unaondoka. Nilitaka kukuambia hapa hapa, ulikuwa mbele yangu, ningenyoosha mkono ningekugusa. Nikaona haya, mtu mzima kusema kitu kama hicho. Nikaenda nyumbani nikawaambia watu elfu moja nisiowajua, wewe peke yako sikukuambia."

Nje ya uzio theluji ilikuwa imeanza kufunika kioo cha gari.

"Haitarudisha kitu," Ásgeir akasema. "Najua. Lakini nilichokuwa nataka kusema siku ile ni hicho tu. Usiondoke. Usiniache hapa."